Makofi ya Darasa Zima

Mwalimu Charo,

Lori lilikujia upande wa kushoto. Nimeambiwa lilipiga honi, likapiga tena, na mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza maandazi ng'ambo ya barabara alikuita kwa jina mpaka sauti ikamkauka. Wewe ulikuwa umeshafika katikati, vitabu vya watoto viko kwapani, na hukugeuka. Watu wa pale wanasema mwalimu alikuwa na mawazo mengi.

Mimi najua hukuwa na mawazo. Sikio lako la kushoto lilikuwa limekufa zamani, na mwenye sikio moja hajui sauti inatoka wapi. Nililiua mimi, kwa mkono huu huu ninaoandikia.

Mimi ni Omari, babake Rukia, wa mtaa wa Kuze, Mombasa. Najua hukunisahau. Sikusoma sana, niliishia la saba, kwa hivyo usinitafutie nukta na koma. Naandika kama ninavyosema, na kama ungekuwa hai nisingeandika. Hilo pia lijue. Ningeendelea kukaa kimya, na kila nikisikia jina lako ningegeuza uso.

Habari nilizipata Liwatoni. Mimi bado ni mvunja barafu pale, navunja yale magogo ya barafu kwa mtaimbo ili samaki wapakiwe. Navunja pamoja na Kahindi, mtu wa kwenu, na hajui kwamba mkono ule ulikuwa wangu. Siku hiyo akasema tu, kama mtu anayetaja habari za mvua, "Yule mwalimu kiziwi aliyekuwa Kuze kagongwa na lori kule kwetu. Wamemzika."

Nikamuuliza, "Kiziwi vipi?" Wallahi nilimuuliza hivyo, kama mtu asiyejua.

"Si yule mliyemtwanga nyinyi watu wa mji, kwa sababu ya mtoto? Walisema alimtoa mtoto damu."

Mtaimbo ukaniponyoka ukaniangukia mguuni. Ukucha wa kidole gumba ulipasuka katikati, damu ikachirizika juu ya barafu, na Kahindi akapiga ukelele kabla yangu. Mimi nilikuwa nikisema moyoni, mtoto hakutoka damu. Hakutoka hata tone.

Basi leo nakuambia yote, mpaka yale usiyoyajua.

Rukia alipoingia darasa lako la kwanza hakuwa na sauti. Wewe wajua. Ulipokuwa ukiita majina, wenzake walimjibia, "Yupo, Mwalimu, bubu yupo!" Mwalimu mwingine angemchapa mpaka aseme. Wewe ulikuwa huna hata fimbo, na walimu wenzako walikuwa wakikucheka kwa hilo. Ulimfanya muuza duka. Lile duka la darasa, la makopo matupu na makasha ya kiberiti na makaratasi ya sabuni, watoto wakinunua kwa vizibo vya soda. Mke wangu ndiye aliyenieleza baadaye, kwa kuwa Rukia alimweleza yeye. Ulikuwa ukija dukani kwake unashika kopo la majani ya chai unasema, "Nipe sabuni hii." Yeye anatikisa kitwa. Kesho washika kasha la kiberiti, "Nipe unga huu." Anatikisa kitwa, anacheka ndani kwa ndani. Ulifanya hivyo muda mrefu, hukuchoka, mpaka siku moja mtoto akashindwa kuvumilia upumbavu wako, akasema, "Hiyo si sabuni!"

Wenzake waligeuka wote. Bubu kasema. Na wewe ukajifanya hukuona ajabu. Ukamwambia, "Ah, samahani mwenye duka, mato yangu mabovu." Ukasema mato, kama tunavyosema sisi nyumbani, si macho ya kitabuni. Mimi nilipokuwa skuli nilichapwa kwa neno hilo hilo.

Kisha ukaniita.

Uliniita kwa adabu, watoto wameshatoka. Viti vya wakubwa havikuwepo, ukanipa kile kidogo cha watoto, magoti yakanifika kidevuni. Ukasema, "Baba Rukia, hakuna ubaya. Nataka kuuliza jambo moja tu. Nikiinua mkono kuandika juu ubaoni, Rukia huinama chini ya dawati. Wengine hawainami."

Uliningoja.

Nikakujibu, "Huyo mwoga tangu kuzaliwa." Nikaondoka hata sikukuaga.

Sasa sikiza nilichofanya nilipofika nyumbani. Nilimpiga. Nilimpiga kwa sababu alikuwa ameinama mbele yako, akaniumbua. Mamake akaingia kati, nikampiga na yeye, nikamsukuma akagonga ukingo wa kinu, akachanika hapa juu ya jicho. Kovu lile lipo. Watu wakimuuliza husema aliteleza karoni, pale pa kuoshea vyombo. Nyumba yetu ilikuwa hivyo, Mwalimu. Mtoto akiangusha kikombe, kofi. Akiuliza mara mbili, kofi. Akicheka mimi nimelala, kofi. Huko nje Kuze nilikuwa mtu wa maana, nikitwangana na yeyote, nilishamvunja mtu taya kwa sababu ya karata, na barazani walinipenda kwa hilo. Palipokuwa na ugomvi waliniita mimi. Hakuna aliyewahi kuniuliza swali kama lile lako. Ulikuwa umeniona mpaka ndani ya nyumba yangu, wewe, mtu wa kupanga chumba Majengo, mtu niliyekuwa nikikuita Mnyika, mtu wa porini, nikiwa na wenzangu. Nikakuchukia. Nilikaa nikingoja siku utakapoinua mkono wako juu ya mtoto, nijue kwamba wewe na mimi ni kitu kimoja.

Siku hiyo, nisingizie nini? Sikuwa nimekosewa na mtu. Mashua hazikuleta samaki, kwa hivyo hakukuwa na barafu ya kuvunja. Nilikuwa nimekula, nimekaa barazani na wenzangu, karata ziko mkononi, tena nilikuwa nashinda.

Rukia akaja anakimbia uchochoroni. Nilimsikia kabla sijamwona, na ajabu ni hiyo, kwa sababu hakuwa amewahi kuniita kwa sauti maisha yake yote.

"Baba! Baba! Leo nimekula makofi!"

Nikainua uso. Shavu lake moja limevimba. Kidevu chekundu, ukosi wa shati ya skuli mwekundu, vidole vyekundu.

"Ya nani?"

"Ya Mwalimu!" Maneno yalikuwa yakimtoka yamejaa mate. "Ya darasa zima!"

Mmoja wa wenzangu akarusha karata chini. "Lo! Yakhe, mwanao katolewa damu! Mnyika ampiga mwana wa Kuze na wewe umekaa?"

Nikasimama. Nikapiga kelele, "Makofi?"

Na mtoto akanyamaza. Alisimama pale pale, mabega yakampanda juu, kitwa kikazama, mato yakafumba. Alikuwa akiningoja mimi. Wenzangu wote walidhani ni woga wa mwalimu.

Nilimpangusa kidevu kwa kidole gumba, nikamshika mkono nikamburura. Wanaume wakanifuata. Njiani walizidi kuongezeka, wengine hata hawakujua tunakwenda wapi, waliona tu watu wenye hasira wanapita.

Wewe ulikuwa bado darasani. Watoto kadhaa wa kuchukuliwa na mama zao walikuwa wakipanga makopo ya duka. Uliponiona mlangoni uso wako ulifunguka. Ulifurahi, Mwalimu. Ulikuja mbio na mikono yako ya chaki, ukaniambia, "Baba Rukia! Umezisikia habari? Amekuambia leo kala makofi mangapi?"

Nikakupiga.

Kofi la kwanza lilikupata sikioni. Nililisikia likilia kama ubao uliovunjika. Mkono wangu ni wa mtaimbo, ngozi yake imekufa, sikusikia chochote kiganjani, na kwa sababu sikusikia nikaongeza. Nilikupiga pale pale tena na tena. Ulipoinua mikono kujifunika nilikushika shati nikakupiga kitwa kwenye ubao, na maandishi yako yakakufutikia usoni. Ukaanguka juu ya duka. Makopo yalianguka, vizibo vikatawanyika sakafuni vikizunguka, na mimi nikakukanyaga mbavuni nikiwa nateleza juu ya vizibo. Mtoto mmoja wa kiume alijikojolea alipokuwa amesimama. Mwingine aliingia chini ya meza akawa analia "mama, mama" kwa sauti nyembamba isiyokatika. Wewe ulikuwa chini, damu inakutoka sikioni, hiyo ndiyo damu ya kweli iliyomwagika siku ile, na neno ulilokuwa ukisema lilikuwa moja tu. "Watoeni watoto. Watoeni watoto nje."

Rukia alikuwa mlangoni. Aliona yote.

Mwalimu mkuu akaja anakimbia, akasukuma watu, akakuinua ukakaa. Akakuuliza mbele yetu wote, "Charo, mtoto huyu kapigwa makofi humu darasani?"

Ulikuwa ukimtazama mdomo. Sasa najua kwamba hukusikia. Ulishika neno moja, makofi, na wewe akili yako ilikuwa bado iko kwenye furaha ya asubuhi. Ukasema, "Ndiyo. Kala makofi. Ya darasa zima."

Watu waliunguruma. Mtu akakutemea mate. Mwalimu mkuu akafumba mato yake, na hapo mambo yako yakaisha. Mwalimu amekiri kwa kinywa chake, nani atauliza zaidi?

Nilirudi nyumbani nimebebwa na sifa. Mke wangu alikuwa amemchukua mtoto karoni kumwosha. Akatoka na kiganja kimefumbwa, akakifungua mbele ya uso wangu. Mbegu za mabuyu, yale ya sukari na rangi. Mbegu nyekundu zilizonyonywa zikabaki nyeupe nusu.

"Hii ndiyo damu yako, baba Rukia."

Akanieleza. Kwamba asubuhi ile mtoto alisimama mbele ya wenzake akasoma sentensi nzima ubaoni, ya kwanza maishani mwake, kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma. Kwamba wewe kila siku ulikuwa ukiwauliza watoto, "Nani leo atakula makofi?" nao wanagombania, mimi Mwalimu, mimi! Kula makofi darasani kwako ni kupigiwa. Mlikuwa na makofi ya mvua, yanayoanza kwa kidole kimoja kimoja kiganjani, kisha viwili, mpaka yanakuwa mafuriko. Rukia alipewa ya mvua, darasa zima. Kisha ukatoka mwenyewe ukamnunulia mabuyu kwa mama wa langoni. Alikuwa amejaza shavu moja, hakutaka kuyamaliza kabla ya kufika nyumbani kwa sababu alitaka kumwachia babake.

Nilimpiga mke wangu mkono, mbegu zikaruka ukutani.

Ungekuwa wewe ndiwe umekaa hapa ukinisikiza, ungesema maskini, mtu alikosea, neno moja lina maana mbili. Mke wangu mpaka leo anadhani hivyo. Lakini hata hapo bado nakudanganya, Mwalimu.

Mimi ni mtu wa Mombasa. Nimekula mabuyu tangu sijaota meno. Nilipofika kwenye lango la skuli nilijipangusa jasho usoni kwa mkono ule niliompangusia mtoto kidevu, na harufu ya iliki ikanijaa puani. Iliki na sukari. Nilikitazama kidole. Rangi yake ilikuwa ya waridi, inanata. Damu hainati vile, hainuki vile. Nilijua. Sikujua kisa chote, sikujua ya kusoma wala ya mvua, lakini nilijua kwamba mtoto hakutolewa damu, na kwamba aliyenunuliwa mabuyu na mwalimu hakupigwa na mwalimu. Nilisimama pale langoni muda wa kumeza mate. Nyuma yangu wanaume walikuwa wakisema, "Twende, yakhe, twende!" Mbele yangu lilikuwa darasa lako. Nikajifuta kidole kwenye kikoi.

Nilitaka kukupiga. Nilikuwa nimekungoja muda mrefu. Hiyo ndiyo haki ya Mungu, na sijamwambia mtu mwingine duniani kabla yako.

Ulirudi kazini na pamba sikioni. Watoto ni watoto, hawachelewi kugundua. Walijifunza kusimama upande wako wa kushoto na kukutukana polepole, na darasa linakufa kwa kicheko, na wewe ukigeuka kila uso umenyooka. Waliokuona umelala chini ya miguu ya mzee wa mwenzao hawakukuogopa tena wala hawakukupenda kama kwanza. Siku moja ukaja na fimbo ya mpera. Niliona nikipita dirishani, kwa sababu nilikuwa nikipita, sijui nikitafuta nini. Ulikuwa ukimchapa mtoto kiganjani na uso wako hauna kitu. Duka halikuwepo. Meza ilikuwa imeegeshwa ukutani miguu juu.

Rukia alichapwa pia. Hakuniambia. Niliona alama za viboko mkononi mwake alipokuwa akila, akaficha mkono chini ya sinia. Ningesema nini? Ningekwenda kukupiga tena? Viboko vile nilivipiga mimi, kwa mkono wako.

Wazazi walipokutana kukukataa, nilikuwa nimekaa mbele. Mwalimu mkuu akaniuliza kama nina la kuongeza. Nikasema, "Mtu huyu asikae na watoto." Maneno hayo yalinitoka mimi. Ukahamishwa, ukarudi bara kwenu. Nilipewa mkono na watu wengi siku ile.

Na Rukia akarudia ububu wake. Mwalimu aliyekufuata hakuwa na subira ya kupangapanga makopo. Mtoto alipita madarasa kwa kuandika tu, na mpaka leo akiwa la nne mwalimu wake akimwita husimama akatazama sakafu. Nyumbani anamsomea mamake jikoni, kwa mnong'ono. Nikiingia anafunga kitabu.

Baada ya Kahindi kuniambia, nilikwenda kwenu. Nilisema kazini naugua mguu, na mguu kweli ulikuwa umevimba, nikachechemea kutoka barabara kuu mpaka nyumbani kwako. Nikaonyeshwa kaburi. Msalaba wa mbao, jina lako limeandikwa kwa mkono wa mtoto, herufi kubwa na ndogo zimechanganyika. Mkeo alikuwa uani anapukuchua mahindi. Akaniletea maji, akaniita baba, akadhani mimi ni mzazi wa skuli ya huko aliyekuja kutoa pole.

Alizungumza juu yako kabla sijapata ujasiri. Alisema ulipokuwa hutaki ugomvi ulikuwa ukimgeuzia lile sikio bovu, unaendelea kunywa uji wako, na yeye anazunguka meza kukufuata upande wa pili, mpaka mnacheka wote. Alicheka aliponiambia. Kisha akasema, "Lakini alirudi kutoka Mombasa na fimbo. Kabla ya huko hakuwahi kumgusa mtoto wetu. Sikumjua mtu huyo aliyerudi na fimbo, baba. Niliishi naye tu."

Nikamwambia mimi ni nani.

Mikono yake ilisimama kwenye gunzi. Hakunitazama usoni, alinitazama viganja.

"Ni mkono huo?"

"Ndio huu, mama."

Nikamweleza yote kama nilivyokueleza wewe, mpaka la langoni, mpaka iliki. Nilikuwa tayari anipige. Pale uani palikuwa na mchi, na wallahi nilikuwa nautazama nikiomba auchukue. Hakuuchukua. Alianza tena kupukuchua, punje zikawa zinaruka nje ya ungo, haangalii zinakokwenda.

"Unataka nikusamehe?"

Nikasema ndiyo.

"Mimi sikuwepo. Mimi sikukusikia ukisema uongo, na mume wangu sasa hasikii hata kwa lile zima. Nenda kawaambie waliokusikia. Kisha usirudi hapa kunipa habari. Nitazipata."

Akaita mtoto anionyeshe njia ya barabarani. Ni mwanao wa kwanza. Ana mabega yako. Alitembea mbele yangu, na niliponyosha mkono kumshukuru, aliinama.

Mwalimu, niliketi chini kando ya njia ile nikalia kama mtu aliyepigwa.

Kesho wazazi wanakutana skuli, kufunga muhula. Watoto wadogo wataimba, waliofanya vizuri wataitwa mbele. Nimekwenda kwa mwalimu mkuu kuomba nafasi ya kusema. Nilipomwambia ni juu ya nini, alifunga mlango. "Baba Rukia, hayo yameshakwisha. Mtu mwenyewe amekufa. Ukifukua hayo tutaonekana watu gani sisi tuliomfukuza?" Nikamwambia tutaonekana tulivyo. Hakunipa nafasi. Nitasimama bila ya kupewa. Wenzangu wa barazani nao nimewaambia waje, sikuwaambia kwa nini. Mmoja akanitania, "Kuna wa kupigwa tena?" Nikamwambia njoo tu.

Nitasema kwamba Rukia alisoma. Nianze na hilo, kwa sababu hakuna hata mmoja kati yao anayejua kwamba siku ile mtoto yule alisoma. Kisha nitasema nilinusa kidole changu langoni nikajua. Kisha nitasema ni nani aliyekutoa wewe darasani na ni nani aliyekutia fimbo mkononi. Wakiniita kituoni nitakwenda. Wakitaka kunifanya nilivyokufanya, sitajifunika.

Lakini kwanza ilinibidi nimwambie yeye. Nimemwambia leo baada ya alasiri, anafua soksi zake uani. Nilikaa chini kabisa, kwenye sakafu, niwe mfupi kuliko yeye. Mamake alisimama mlangoni na mwiko mkononi, hajui kama aje ama asije. Nilisema yote. Nilimwambia umekufa, na kwa nini hukusikia lori. Alikuwa akikamua soksi moja ile ile, akikamua, maji yamekwisha anakamua. Nikamwambia kesho nitasimama mbele ya watu.

Kisha akaniuliza kwa sauti, si mnong'ono, sauti kamili ambayo sikuisikia tangu uchochoroni siku ile:

"Na wakikuzomea, utampiga nani?"

Swali hilo, Mwalimu, liliniogopesha kuliko kaburi lako. Nilijitafuta ndani nikaona kwamba sikuwa nimefikiria kuzomewa. Nikaona sura ya mwalimu mkuu, na yule atakayeanza kucheka nyuma, na damu ikanipanda pale pale nilipoketi, viganja vikawa moto. Mtoto alikuwa anavitazama. Mamake alikuwa anavitazama.

Nikamwambia, "Simpigi mtu."

Akasema, "Na hapa nyumbani?"

"Na hapa nyumbani."

Hakusema ananiamini. Alianika soksi zake akaingia ndani. Nami nimekaa hapa hapa uani nakuandikia, kabla jua halijatua, kwa sababu nataka neno hili liwe limeandikwa kabla ya kesho: mkono huu hautainuka tena juu ya mtu, wala mke, wala mtoto, wala atakayenizomea, wala atakayenitemea mate kama ulivyotemewa wewe. Nakuahidi wewe uliyekufa kwa sababu yake. Siwezi kukuomba unisamehe, nimekatazwa na mkeo, na yeye ana haki.

Mungu akulaze pasipo na honi wala kelele, Mwalimu Charo. Kwaheri ya kweli, ile ambayo sikukupa siku uliponiita skuli nikaondoka bila kuaga.

Mimi,
Omari, babake Rukia
Kuze